Nilivyomfuata Mwadime, Mpishi wa Nyambizi

Tangu nirudi, hakuna anayemaliza kikombe kibandani kwangu kabla hajauliza. Madereva wa malori wanauliza, kina mama wa kwaya wanauliza, hata yule askari wa kizuizi cha barabarani ambaye hajawahi kunisalimia anauliza: "Mama Wakesho, London ulikwenda kufanya nini, na ule mfuko uliorudi umeukumbatia ulikuwa na nini?" Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kupingana. Basi nimekaa nikaandika, kutoka stesheni ya Voi mpaka stesheni ya Voi, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi pamoja na chai yake.

Kwetu tulizaliwa wanne: mimi, Mwadime, Mkawasi na Mwanjala. Wazazi walipofariki nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikaanza kuwauzia madereva chai na mandazi, na wale watatu wakakulia nyuma ya jiko hili mnaloliona. Mwadime ndiye aliyejifunza kupika. Alikwenda Uingereza kijana, akapata uraia, akaingia jeshi la majini, akawa mpishi ndani ya nyambizi, ile meli inayozama kwa makusudi na kukaa chini ya bahari miezi.

Hivyo ndivyo alivyotuambia. Mimi na Mwanjala tulikuwa na mashaka. Mwadime alikuwa mtu wa Voi, hajui kuogelea, na utotoni hata mto ukiwa mkavu alikuwa akiuvuka amenishika mkono. Mwanjala alikuwa akisema, "Dada, mtu anapotea miezi, akitokea amepauka kama unga wa muhogo na hasemi alikuwa wapi. Hiyo si meli. Hiyo ni jela."

Tulicheka mpaka Mkawasi alipofariki. Mwanjala alimpigia simu mke wa Mwadime kule London, naye akatuambia Mwadime yuko doriani chini ya bahari, ila ujumbe umepelekwa jeshini na umepokelewa. Tukangoja. Tulizika tukingoja. Mwadime alikuja kupiga simu matanga yameshaisha kitambo, akasema, "Dada, nimesikia. Siwezi kueleza nilikuwa wapi." Mwanjala akaninyang'anya simu na kumwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Ni lazima niseme jambo moja ambalo vijana mnaanza kulisahau. Kwetu aliyechelewa msiba hapewi pole akaachwa hivyo hivyo. Anakalishwa, anasimuliwa: ugonjwa ulianzaje, nani alimpeleka hospitali, marehemu alisema nini mara ya mwisho. Asiposimuliwa, msiba haujamfikia. Mwadime hatukumsimulia. Hakuja kusimuliwa, na sisi hatukumwita.

Mwaka jana moyo wake ulisimama, huko huko London. Binti yake Mghoi akamchoma, kwa sababu ndivyo baba yake alivyotaka. Niliposema majivu yaletwe yalazwe kando ya Mkawasi, Mwanjala alikataa. "Hakumtupia dada yake udongo. Mimi simtupii yeye."

Kisha Mzungu mmoja akanipigia simu. Aliuliza kama anaongea na "Dada", kana kwamba ndilo jina langu la kubatizwa. Dereva mmoja kibandani akinitafsiria, alisema anaitwa Alan, alisafiri na Mwadime chini ya maji, na kwamba wazee wa nyambizi hukutana kila mwaka kuwakumbuka wenzao waliofariki. Jina la Mwadime litasomwa. Angependa nije, ana jambo la kuniambia na hawezi kulisema kwa simu.

Nilimwambia Mwanjala: nitakwenda nijue ujumbe wetu alipoupata alifanya nini. Kama aliunyamazia, nitamwacha huko huko. Kama sivyo, narudi naye, na wewe utashika jembe. Alisema sawa, lakini kwa namna ya mtu anayejua jembe halitaguswa.

Voi hadi Nairobi

Mambo ya pasi na viza Mghoi aliyamaliza, siyarudii. Nilipanda treni na mfuko mmoja wa nguo na mwingine wa mihogo na mbaazi, maana sikujua huko watu wanakula nini.

Karibu na Mtito Andei treni ilisimama, ikakaa. Bwana mmoja mwenye koti la suti, aliyekuwa ameketi mbele yangu, alipata nafasi ya kunihoji.

"Mama unaelekea wapi na mihogo yote hiyo?"

"London."

Akakaa vizuri. "Nani amekualika?"

"Mzungu."

"Unamjua?"

"Sijawahi kumwona."

Alitazama dirishani kama mtu anayetafuta maneno ya kumpa mfiwa. "Mama, mimi simtishi mtu. Lakini siku hizi matapeli hawatafuti wasichana tena. Wanatafuta watu wazima kama wewe, wenye huzuni. Wanakuita kwa jina la marehemu. Ukifika, usinywe kitu ambacho hukukifungua mwenyewe."

"Wakinipa chai?"

"Hasa chai."

Mimi ninayeishi kwa chai nikaambiwa niogope chai. Lakini yalinikaa maneno yale. Treni ilipoanza kusogea yule bwana akajitolea kunishushia mizigo Nairobi. Nikamshukuru, nikaishusha mwenyewe. Mtu anayekuonya sana kuhusu wezi, na yeye mwangalie mikono.

Angani

Juu ya ndege sina mengi. Nililetewa sinia lenye kuku ndani ya karatasi ya fedha. Karatasi ilikuwa imefunguka pembeni, nikairudisha. Nilikula muhogo wa kuchemsha niliofunga kwenye kitambaa. Kijana wa Kizungu aliyekuwa kando yangu aliutazama, nikamkatia kipande, akala bila kuuliza chochote. Nikawaza: huyu amelelewa vibaya, au amelelewa vizuri sana.

Uwanja wa ndege hadi Stratford

Mghoi alikuwa ameniambia asingeweza kuja kunipokea kwa sababu ya zamu yake dukani. Nilipewa maelekezo: panda treni yenye rangi ya zambarau, kaa tu, shuka Stratford, nitakuwa hapo. Mtoto wa kwanza niliyemlea akazaa mtoto anayeniachia njia peke yangu! Nililiweka hilo pamoja na mashaka mengine.

Treni ilikwenda vizuri mpaka ilipoingia ardhini. Hapo nilianza kuhisi masikio. Niliwaza, ndivyo Mwadime alivyokuwa akiishi, kama kweli aliishi hivyo. Kisha tukasimama stesheni, sauti ikasema kitu kutoka darini, na watu wote wakasimama wakaanza kutoka.

Mimi nikabaki. Niliambiwa kaa tu, nami nikakaa tu. Kijana mwenye fulana ya kung'aa akanionyesha mlango. Nikashika mifuko yangu. Akaongea kwa sauti zaidi, kama kwamba shida yangu ilikuwa masikio. Kiingereza changu ni cha madereva wa malori: najua breki, tairi na lete chai nyingine. Nilimwambia, "Stratford." Akatikisa kichwa. Nikasema tena, "Stratford," na nikajiegemeza kitini vizuri.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa ameshatoka akarudi ndani. Alikuwa na sare ya usafi chini ya koti.

"Mama, shuka. Banasema tushuke bote."

Niligutuka. "Wewe unajuaje kwamba mimi naongea Kiswahili?"

Akacheka. "Iyo leso yako inaongea mbele yako. Mi ni mtu wa Bukavu. Mama Riziki. Kuko mutu amegonjwa mu treni ya mbele, iyi haiende tena. Kuja, tupande ingine."

"Na kama ingine haiendi Stratford?"

"Mama, mi minaenda Stratford kila siku. Minapangusa maofisi pale. Unaogopa nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nimeonywa. Hakukasirika. Alisema, "Ni bien. Huku kuogopa kidogo ni muzuri. Lakini ukiogopa batu bote, utalala mu treni." Tulipanda nyingine. Njia nzima alinieleza habari za kanisa lao na magoti yake, nami nilihesabu majina ya stesheni ukutani kimoyomoyo kuhakikisha hanidanganyi. Hakunidanganya. Stratford alinikabidhi kwa Mghoi kama mzigo wa posta, akamwambia, "Mutoto, siku ingine umufate mama yako airport." Mghoi akasema sorry mara nyingi. Huyo Mama Riziki nilitaka kumpa mihogo, lakini umati ulikuwa umeshamchukua.

Ilford

Mghoi anakaa Ilford, juu ya duka la Mhindi ambaye babu zake walikuwa na duka Nakuru na ambaye ananiita dada kwa Kiswahili safi kuliko cha Mghoi. Nimesema safi kuliko cha Mghoi, lakini kusema kweli cha Mghoi sikuwa nimekisikia. Mtoto anaelewa kila neno. Namwambia, "Mghoi, funga dirisha," anafunga, kisha anajibu kwa Kiingereza. Namuuliza kama amekula, anajibu kwa Kiingereza. Tuliishi hivyo kama watu wawili kwenye simu mbovu, mmoja anasikika upande wake tu.

Mwadime alikuwa juu ya kabati, kando ya picha yake ya sare. Nilikuwa nimejiandaa kwa kopo moja. Yalikuwa mawili, moja kubwa na moja dogo kama la majani ya chai.

"Kwa nini baba yako yuko mahali pawili?"

Mghoi akaangalia chini. Alisema kwa Kiingereza kitu kuhusu bahari, kuhusu wale wazee, kwamba wana desturi ya kuwapeleka wenzao baharini. Sikusikia zaidi. Niliona picha yote: Mzungu ananiita kwa upole, ananikalisha kwa chai, huku sehemu ya ndugu yangu imeshagawiwa. Nilichukua makopo yote mawili nikayatia kwenye mfuko wa mihogo, na tangu hapo mfuko ule haukutoka begani kwangu.

"Auntie, please," Mghoi akasema.

"Please nini? Nimemlea bila kumgawa."

Siku iliyofuata, ili tusiendelee kununa, nilishuka dukani nikapata muhogo uliogandishwa na maharagwe, maana mfuko wa mihogo yangu sasa ulikuwa wa Mwadime, nikapika kimanga. Wageni wa hapa Voi mnaokijua kwa jina tu: ni muhogo na maharagwe, vinachemshwa vikapondwa pamoja mpaka mwiko unasimama. Mghoi alionja, akaweka kijiko chini, akakichukua tena. Kwa Kiingereza na kwa mikono alinieleza kwamba baba yake alikuwa akipika hiki, ila kwa viazi mbatata na maharagwe ya kopo. Nikamuuliza alikiitaje. Akafikiri. Alisema hakukipa jina, kwao kilikuwa tu chakula cha Jumapili.

Nilisikitika kidogo kwamba ndugu yangu alipika chakula cha mama yetu akakinyima jina lake. Lakini nililiweka jambo hilo akilini.

Kando ya mto

Asubuhi ya kumbukumbu ilikuwa na baridi yenye meno. Tulishuka kwenye treni ya chini tukatembea kando ya mto wao mkubwa, maji ya rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Ukutani mwa barabara ya mto kuna shaba kubwa iliyochongwa watu waliobanana ndani ya chuma. Mbele yake walikuwa wamesimama wazee wengi, bereti kichwani, nishani kifuani, wengine kwenye viti vya magurudumu na blanketi magotini. Wajane walikuwepo, na watoto wa watu wazima.

Mzee mmoja alinyoosha mkono kunipokea mfuko. Nikaurudisha nyuma. Mwingine akanionyesha kiti ambacho ningeweza kuuweka chini yake. Nikakaa nao mapajani. Mghoi alinong'ona kwamba watu wananitazama. Nikamwambia waache watazame, na mimi nawatazama.

Nilitafuta jela ya Mwanjala kwenye nyuso zao. Nikaona wazee tu. Lakini kuna kitu nilikiona: hawakuongea. Wazee wa kwetu wakikutana msibani kelele husikika mpaka barabarani. Hawa walisimama karibu karibu, bega kwa bega mahali ambapo palikuwa na nafasi tele, kimya, kana kwamba wamezoea kukaa bila nafasi na bila kupiga kelele.

Kasisi aliomba. Mashada ya maua mekundu yaliwekwa. Kisha mwanamume mmoja akaanza kusoma majina ya waliofariki mwaka ule, na baada ya kila jina kengele ndogo ya meli ikagongwa mara moja. Magari yalikuwa yakipita nyuma yetu. Nilisikia jina geni, kengele. Jina geni, kengele. Kisha nikasikia "Mwadime", limetamkwa vibaya lakini ndilo, na kengele. Mghoi akanishika mkono.

Nilimuuliza Mghoi yule msomaji amesema nini mwishoni, naye akaniambia kwa Kiingereza cha polepole nilichoweza kukifuata: hawa hawasemi mwenzao amekufa. Wanasema bado yuko doriani.

Nikachukia pale pale. "Waambie hiyo tumeshaambiwa. Alipokuwa hai tuliambiwa yuko doriani. Dada yake tulimzika yeye yuko doriani. Sasa amekufa, yuko doriani?"

Nyuma yangu mtu akasema, "Dada?"

Ukumbini

Alan ni mrefu na mwembamba, na mikono yake hutetemeka mpaka aishikanishe. Alitupeleka kwenye ukumbi wa karibu ambako wazee walikuwa wakinywa pombe nyeusi kwenye glasi ndogo na hatimaye wakaanza kuongea, hata kutaniana. Mmoja alimpigia Alan kelele kwamba ameshapata mwanamke mwingine. Alan akamjibu kitu, wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha akaniletea chai, tayari imemiminwa, tayari ina maziwa. Nikaisogeza pembeni.

"Muulize," nilimwambia Mghoi, "ujumbe wa Mkawasi ulifika au haukufika."

Alan hakungoja. Alikuwa amesikia jina la Mkawasi, na uso wake ulibadilika. Alianza kuongea akiangalia meza. Kiingereza kile hakikuwa cha breki na tairi, nikapotea. Nikamgeukia Mghoi, na yeye akavuta pumzi, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimshukie Stratford nikamsikia akisema Kiswahili. Kilikuwa kinachechemea, lakini kilisimama.

"Anasema ulifika. Ulifika kwake. Yeye alikuwa mtu wa redio. Anasema ile meli inasikia lakini haijibu. Ikijibu, watu wanajua iko wapi."

"Kwa hiyo Mwadime alisoma akanyamaza."

"Hapana, Auntie. Hakupewa."

"Nani alimnyima?"

Mghoi aliuliza, akasikiliza, akauliza tena kama mtu anayehakikisha amesikia sawa.

"Kabla ya kuondoka, kila mtu anaulizwa. Akifa mtu wako nyumbani, unataka kuambiwa huko chini, au ukirudi? Kwa sababu ukiambiwa, huwezi kwenda popote. Meli hairudi. Hakuna simu. Hakuna hata mahali pa kulia, wanalala watu juu ya watu. Kila mtu anachagua." Akanigeukia. "Baba alichagua akirudi."

Nikamwonyesha kwa mkono aendelee.

"Nahodha alijua. Na huyu alijua, kwa sababu ujumbe alipokea yeye. Wengine hakuna. Na Baba alikuwa anamletea chai kila asubuhi. Anasema Baba alipenda kuongea habari za Mkawasi. Alisema akirudi nyumbani atamfundisha kuoka mkate, waongeze mkate kwenye kibanda chako. Na huyu anasikiliza, anasema ndiyo, good idea, na anajua amekufa. Wiki nyingi, Auntie. Anasema kazi zote alizofanya, hiyo ndiyo ilikuwa ngumu."

Ilikuwa hadithi nzuri. Nami nilikumbuka yule bwana wa treni: wanakuita kwa jina la marehemu, wanatafuta wenye huzuni. Maneno mazuri ndiyo mali ya kwanza ya tapeli.

"Muulize," nilisema, "huko chini, Jumapili, Mwadime alikuwa akipika nini."

Mghoi akatafsiri. Alan akanitazama kwa mara ya kwanza machoni, na kitu kikampita usoni, nusu kicheko.

"Kimanga," akasema.

Akaonyesha kwa mikono jinsi kilivyopondwa. Viazi, maharagwe ya kopo. Wale mabaharia walikilalamikia safari nzima ya kwanza, Mghoi akaniambia, na safari ya pili kilipokosekana Jumapili moja walikwenda jikoni kudai. Yule mzee mtani akaingilia kutoka meza ya pili, akipiga meza kwa glasi: "Kimanga! Kimanga!"

Nilimtazama Mghoi. "Wewe uliwaambia neno hilo?"

"Mimi nilikuwa silijui," akasema. "Hukuniambia wewe hata juzi. Ulipika tu."

Ilikuwa kweli. Niliuliza jina nikajibiwa hakuna, nikanyamaza kwa sababu nilinuna. Neno lile lilikuwa halijatoka kinywani kwangu tangu Voi.

"Muulize alipoambiwa alifanya nini."

Nahodha alimwita Mwadime walipokaribia kupanda juu, siku ya mwisho au ya karibu na mwisho. Alitoka huko akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa redio. Akamuuliza Alan, "Tangu lini?" Alan akamwambia. Mwadime alisimama pale. Kisha akarudi jikoni, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula na watu walikuwa kwenye foleni. Asubuhi yake akaleta chai kama kawaida, akaiweka, akaondoka bila neno.

"Na safari iliyofuata," Mghoi akasema, "akaulizwa tena swali lile lile. Akajibu vile vile. Nikirudi."

"Kwa nini?" Nilipaza sauti mpaka wazee wakageuka. "Baada ya Mkawasi, bado? Kwa nini?"

Mghoi hakuhitaji kutafsiri hilo. Alan alijibu polepole, akiniangalia mimi, na Mghoi akafuata nyuma yake neno kwa neno.

"Na yeye alimuuliza hivyo. Baba akasema: nyumbani yuko Dada. Likitokea lolote, Dada atalifanya kama inavyotakiwa, niwepo nisiwepo. Huku chini wana mimi tu."

"Mbona hakutuambia?"

"Anasema Baba angekwambiaje kwamba alichagua?"

Nilikaa na mfuko wangu mapajani. Mnaniuliza kama nililia. Sikulia. Nilikasirika, kisha hasira ikakosa mahali pa kukaa. Mtu akikuegemea kiasi hicho angalau akujulishe, ujipange. Miaka yote ile nilidhani alitukimbia, kumbe alikuwa ameniachia mimi zamu, kama mpishi anavyomwachia mwenzake anayemwamini jiko, bila hata kugeuka nyuma kuangalia.

Alan aliuliza kitu. Mghoi akasita. "Anauliza kama unataka Baba aende baharini na wengine. Anasema si lazima. Anasema uamuzi ni wa Dada."

"Mwambie bahari imekaa naye vya kutosha."

Alan akaitikia kwa kichwa, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nikavuta kikombe alichoniletea. Ilikuwa chai mbaya, majani haba, maziwa mabichi, na imepoa. Niliinywa yote.

Kurudi

Siku ya kuondoka nilitoa kopo dogo mfukoni nikaliweka juu ya kabati, kando ya picha. Mghoi alisema, kwa Kiswahili, "Mimi sikutaka kuwapa wale wazee, Auntie. Ulinikatiza. Hiyo ndogo ilikuwa ya kwangu." Nilimwambia basi ibaki ya kwako, na Jumapili upike kimanga, na ukiite kimanga.

Uwanja wa ndege askari alitaka kujua kuna nini kwenye kopo. Mghoi alikuwa nami safari hii, akaeleza, na karatasi zilikuwepo. Yule askari akalirudisha mfukoni kwa mikono miwili. Kwenye ndege nilikula kuku wao wote.

Voi

Mwanjala alikuwa stesheni. Alichukua mfuko wa nguo, ule mwingine hakuugusa. Njiani nilimweleza yote, swali la nahodha, redio, chai ya kila asubuhi. Alisikiliza akiangalia mbele.

"Na huyo Mzungu umemwamini?"

"Yeye sijui. Nimeamini kimanga."

Akatangulia mbele. Lakini siku tuliyopanga alikuja makaburini na jembe, akachimba kando ya Mkawasi, shimo dogo, kisha akasimama mbali akilishika jembe kama fimbo. Mchungaji aliomba akaondoka. Tukabaki wawili na kopo.

Nikachuchumaa. Kazi ile ilikuwa yangu, ndiyo aliyoniachia. Nikamsimulia Mwadime msiba, kama anavyosimuliwa aliyechelewa.

"Mwadime, dada yako alianza kuumwa kichwa siku ya soko. Nikadhani ni jua. Usiku akapata homa, nikampa dawa, ikashuka, ikapanda tena. Jumanne tukampeleka hospitali."

"Jumatano," Mwanjala akasema nyuma yangu.

Nikageuka.

"Jumanne wewe ulikuwa na malori ya mahindi. Mimi ndiye niliyempeleka, Jumatano, kwa pikipiki ya jirani. Alinishika kiuno. Njia nzima alikuwa akiuliza kama Mwadime ameshapigiwa simu. Nikamwambia ameshapigiwa, yuko njiani."

Miaka yote ile sikuwahi kuyasikia hayo. Mwanjala aliliweka jembe chini, akaja akachuchumaa upande wa pili wa shimo.

"Hivyo ndivyo nilivyomwambia, kaka," akasema. "Kwamba uko njiani. Sasa sikiliza, nikusimulie yaliyofuata."

Nikasogea, nikamwachia nafasi.